Rayudu alionewa Machi, si Aprili: jibu kwa msomaji kuhusu namba nne ya India

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi ni kundi la mashabiki wa kriketi hapa Mombasa, wengi wetu tunaifuata India. Kila mfululizo wa mechi za siku moja ukianza, ugomvi wetu ni ule ule: nani apangwe, nani akae benchi. Safari hii mjadala umeturudisha hadi 2019. Mimi nashikilia kwamba Ambati Rayudu, mpigaji wa namba nne (wa nne kwenye zamu ya kupiga), alionewa. Mtu ana wastani wa mikimbio 47, anaachwa nyumbani, na kwenye Kombe la Dunia anapelekwa Vijay Shankar ambaye alikuwa amecheza mechi tisa tu. Wenzangu wananijibu kwamba alipewa mechi tatu dhidi ya Australia akapata 13, 18 na 2, sasa alitaka nini zaidi? Nani kati yetu ana haki? Na kwa jumla, mechi tatu zinatosha kumhukumu mpigaji?

Jibu: Marahaba. Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo jepesi: hapana, hazitoshi, na nitakuonyesha kwa hesabu. Kuhusu Rayudu niko upande wako, ila naona unailaumu tarehe isiyo yake. Watu wengi wanaikumbuka 15 Aprili 2019, siku India ilipotangaza majina 15 ya kwenda Uingereza. Mimi macho yangu yako Mohali, mji wa India, 10 Machi, siku Rayudu alipoondolewa kwenye kikosi cha kwanza mfululizo ukiwa katikati. Yaliyotangazwa Aprili yalikwisha kuiva siku ile.

Tuanze na kazi yenyewe, maana mabishano mengi ya uteuzi huharibika hapo. Mashabiki huuliza nani ni bora kuliko nani. Swali la mteuzi ni jingine: kuna kazi gani ndani ya wale 11 ambayo haina mtu, na nani anaiweza?

India ya miaka ile ilikuwa na Rohit Sharma na Shikhar Dhawan wakifungua, kisha Virat Kohli namba tatu. Watatu hao walikuwa wakifunga mikimbio mingi mno, na kwa sababu hiyo namba nne alikuwa na kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Siku nyingi aliingia ova ya 30 na kitu (ova ni mipira sita), timu iko 180 kwa wiketi mbili, yaani mikimbio 180 na wapigaji wawili wametoka, na anatakiwa kupiga toka mpira wa tatu au wa nne. Siku chache aliingia ova ya tatu, timu iko 10 kwa mbili, mpira bado mpya. Na ukumbuke kwamba katika mechi za siku moja za wakati ule kila upande wa pichi ulikuwa na mpira wake mpya, kwa hiyo ugumu wa mwanzo haukuisha upesi kama zamani. Siku hiyo namba nne anatakiwa kukaa, kumeza maumivu, na kuijenga mechi upya.

Kazi ya pili ilikuwa inatokea mara chache, na ilikuwa na tabia mbaya ya kutokea siku kubwa. Fainali ya Champions Trophy, Juni 2017, uwanja wa Oval mjini London: India inafukuza 339, yaani inatafuta mikimbio hiyo ili ishinde, dhidi ya Pakistan, Mohammad Amir anawatoa Rohit kwa 0, Kohli kwa 5 na Dhawan kwa 21. Timu nzima ikaishia 158. Namba nne siku ile alikuwa Yuvraj Singh, ambaye alikuwa amefika mwishoni mwa safari yake, na alitoka na 22.

Yuvraj huyu, kwa taarifa ya vijana wenu, sisi wa Afrika Mashariki tulimwona kabla ulimwengu haujamjua. Alianza kuichezea India Oktoba 2000 Nairobi, kwenye mashindano ya mtoano ya ICC, baraza la kriketi la kimataifa, mechi ya kwanza dhidi ya Kenya. Siku chache baadaye, uwanja ule ule wa Gymkhana, aliwapiga Australia 84 akiwa mtoto wa miaka 18. Kombe la Dunia la 2011 alifunga 362 na kuchukua wiketi 15, akawa mchezaji bora wa mashindano. Hilo ndilo pengo ambalo India ilikuwa ikihangaika kuliziba. Tangu Kombe la Dunia la 2015 hadi 2019 walijaribiwa watu zaidi ya kumi kwenye namba nne.

Sasa mtazame Rayudu. Tarehe 29 Oktoba 2018, Brabourne mjini Mumbai, dhidi ya West Indies: aliingia na kushirikiana na Rohit kwa mikimbio 211, yeye akapata 100 kwa mipira 81. Hiyo ni kazi ya kwanza. Tarehe 3 Februari 2019, Wellington, dhidi ya New Zealand: India 18 kwa wiketi nne. Rohit ametoka, Dhawan ametoka, Shubman Gill ametoka, mlinda wiketi MS Dhoni ametoka, na Kohli hayupo kwa sababu alipumzishwa. Rayudu akakaa mipira 113 na kufunga 90. India ikafika 252 na kushinda kwa 35. Hiyo ni kazi ya pili, na kwa macho yangu ni moja ya ingizo bora la Mhindi wa safu ya kati katika miaka hiyo minne. Hakuna mwingine kati ya waliojaribiwa aliyekuwa ameonyesha kazi zote mbili ndani ya miezi minne.

Na nahodha wake alilijua hilo. Oktoba 2018 Kohli alisema hadharani kwamba Rayudu ndiye jawabu la namba nne na apewe nafasi hadi Kombe la Dunia. Mwanzoni mwa Novemba Rayudu akaachana na kriketi ya siku nyingi ili aelekeze nguvu zake kwenye mechi fupi. Mtu amefunga mlango mmoja wa riziki yake kwa kuamini ahadi. Ndiyo maana naumia nikisikia watu wanasema "alipewa mechi tatu".

Haya, tuje kwenye mfululizo wenyewe, Australia ndani ya India, Machi 2019, mechi tano.

Hyderabad, tarehe 2, India ilifukuza 237 na kushinda kwa wiketi sita. Rayudu 13. Nagpur, tarehe 5, India 250, Kohli 116, Rayudu 18, na Australia ikaishia 242. Ranchi, tarehe 8, Australia 313, Usman Khawaja 104. Rayudu akapigiwa wiketi na Pat Cummins akiwa na 2, na India ikapoteza kwa 32 licha ya Kohli kufunga 123. Kufikia hapo India inaongoza 2-1. Mechi ya nne, Mohali, tarehe 10, Rayudu nje. KL Rahul akawekwa namba tatu, Kohli akashuka hadi namba nne na kutoka na 7. India ilifunga 358 siku hiyo na bado ikapigwa: Peter Handscomb 117, kisha Ashton Turner 84 kwa mipira 43. Mechi ya tano, Delhi, namba nne akawa Rishabh Pant, akapata 16. Mfululizo ukaenda kwa Australia 3-2.

Kuna jambo la Mohali ambalo naliona ndiyo picha halisi ya uteuzi unaofanywa kwa presha. Dhoni alikuwa amepumzishwa kwa mechi mbili za mwisho, hivyo Pant ndiye aliyelinda wiketi. Turner akatoka kwenye mstari wake, mpira ukampita, na nafasi ya kumvunjia wiketi ikamponyoka Pant mkononi. Uwanja mzima ukaanza kuimba "Dhoni! Dhoni!" Kijana ana miaka 21, yuko mbele ya maelfu, na kosa lake linapimwa kwa mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka kumi na tano. Timu iliingia mfululizo ule ikitafuta uhakika kabla ya Kombe la Dunia. Ilitoka ikiwa imebadili namba tatu, namba nne na mlinda wiketi ndani ya juma moja.

Niliahidi hesabu. Chukua mpigaji mzuri wa mechi za siku moja, na tuseme kwa mfano kwamba katika kila mara kumi anazoingia, mara nne anatoka chini ya 20. Hilo si jambo la ajabu hata kwa wakubwa, kwa sababu wastani wa 47 hujengwa na siku chache kubwa na siku nyingi ndogo. Uwezekano wa kutoka chini ya 20 mara tatu mfululizo ni 0.4 mara 0.4 mara 0.4, yaani karibu 6 katika 100. Unaonekana mdogo. Lakini mtu huyo akicheza mara 50, mfululizo wa aina hiyo atakutana nao mara moja, mbili, pengine tatu, bila uwezo wake kupungua hata kidogo. Rayudu alicheza mechi 55 za siku moja na kumaliza na mikimbio 1,694 kwa wastani wa 47.05. Zile 13, 18 na 2 zimo ndani ya wastani huo. Wenzako wanazihesabu mara mbili: wanasema wastani ni mzuri, halafu wanazichomoa tatu za mwisho na kuzipa uzito kuliko zote zilizotangulia.

Ukiniuliza mechi tatu zinaweza kukuonyesha nini, nitakujibu: namna anavyotoka, siyo idadi aliyotoka nayo. Kama mpigaji anatolewa mara tatu kwa mpira wa aina moja, mguu wake hauendi mbele, au anachelewa kwa mrushaji wa kasi, hapo una neno la kusema. Idadi peke yake ni kelele.

Sasa niwatetee kidogo wateuzi, maana hawakuwa wajinga na hoja zao hazikuwa za hewani.

Kwanza, Rayudu alikuwa akirusha spini (mipira ya polepole inayozunguka) kidogo, na hilo lilimsaidia nahodha kupumua. Januari 2019, baada ya mechi ya Sydney, namna yake ya kurusha ilitiliwa shaka, na mwishoni mwa mwezi akazuiwa kurusha katika mechi za kimataifa kwa sababu hakwenda kupimwa ndani ya muda. Toka hapo akawa mpigaji tu. Katika mechi ya ova 50 hakuna anayeruhusiwa kurusha zaidi ya ova kumi, kwa hiyo unahitaji warushaji watano kamili, na ukiwa na akili unamtaka wa sita, kwa siku ambayo mmoja anapigwa vibaya. Mpigaji asiyeweza kurusha hata ova tatu anamgharimu nahodha kitu.

Pili, mlango ulifunguka kwa Shankar kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Januari, Hardik Pandya na Rahul walisimamishwa kwa maneno waliyoyasema kwenye kipindi cha televisheni, na Shankar akaitwa Australia kuziba. Kisha Pandya akaukosa mfululizo wa Machi kwa maumivu ya mgongo. Na Nagpur, Shankar akafanya kitu ambacho mteuzi hawezi kukisahau. Alipiga 46, na alitoka kwa mkosi mtupu: Kohli alipiga mpira moja kwa moja, ukamgusa Adam Zampa mkononi na kuangusha wiketi za upande wa pili, Shankar akiwa nje ya mstari. Baadaye Australia wakahitaji 11 katika ova ya mwisho. Mrushaji wao bora, Jasprit Bumrah, amekwisha kumaliza ova zake kumi. Shankar alikuwa amerusha ova moja tu mapema na ikatoka na 13. Akapewa mpira. Mpira wa kwanza, Marcus Stoinis aliyekuwa na 52 akatolewa kwa mguu mbele ya wiketi. Mpira wa tatu, Zampa wiketi chini. Mechi imekwisha.

Ukiwa mteuzi na umekaa jukwaani siku ile, unatoka na picha hiyo kichwani. Ndiyo hatari yake. Mipira mitatu ya Nagpur na Rayudu kukosa mara tatu vilitokea ndani ya juma moja, na viwili hivyo viliwekwa kwenye mizani mbele ya Brabourne na Wellington.

Aprili, mwenyekiti wa kamati ya wateuzi, MSK Prasad, alieleza kwamba Shankar analeta mambo matatu: anapiga, anaweza kurusha iwapo hali ya hewa ina mawingu, na anadaka vizuri. Kesho yake Rayudu akaandika mtandaoni kwamba ameagiza miwani ya pande tatu ili alitazame Kombe la Dunia. Watu walicheka sana, mimi sikucheka. Yalikuwa maneno ya mtu aliyeumizwa.

Hoja ya mambo matatu haikuwa mpya. Kombe la Dunia la 2003 India ilimwacha VVS Laxman, mmoja wa wapigaji wazuri kuliko wote waliopata kuzaliwa nchini mwao, ikamchukua Dinesh Mongia, ambaye pamoja na kupiga aliweza kurusha spini ya mkono wa kushoto. Mjadala wake ulikuwa mkali vile vile, na walifika fainali.

Kwa hiyo kuchagua kazi badala ya jina si dhambi. Sisi wenyewe tuna mfano bora kuliko wowote wa India, na hapo Mombasa mnapaswa kuujua kama sala. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, aliyewahi pia kuichezea Kenya tenisi ya Davis Cup, alikuwa nahodha kwenye Kombe la Dunia la 1999 kisha akastaafu. Mwaka 2003 akarudishwa akiwa na miaka 39. Kwa kipimo cha "amefanya nini mechi tatu zilizopita" asingepita hata mlangoni. Lakini timu ilihitaji mtu wa kurusha polepole kwa mkono wa kushoto, asiyetetereka, na kazi hiyo yeye aliijua. Tarehe 15 Machi, Durban, Kenya imefunga 174 na Australia, mabingwa wa dunia, wanaitafuna kwa haraka. Karim akapewa mpira. Akamtoa Ricky Ponting, akamtoa Darren Lehmann, akamtoa Brad Hogg. Alirusha ova nane na mipira miwili, sita kati ya hizo bila mkimbio hata mmoja, jumla mikimbio saba, wiketi tatu. Australia walishinda, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi ilikwenda kwa mzee wa Mombasa. Kocha wa Kenya wakati ule alikuwa Sandeep Patil. Miaka tisa baadaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wateuzi wa India, kabla ya Prasad kuchukua kiti hicho 2016.

Tofauti ya Karim na Shankar iko wapi? Karim aliitwa kufanya kazi ileile aliyoifanya maisha yake yote. Shankar alichukuliwa kwa namba nne, mahali ambapo hakuwa na historia ya maana katika mechi za kimataifa. Nagpur alipiga namba tano, na ile wiketi ya mwisho ilikuwa ya kurusha. Walimpima kwa kazi moja wakampa nyingine.

Kabla sijaendelea, muwe waangalifu mnapotafuta wa kumlaumu. Kamati ya watu watano ndiyo huchagua kikosi kizima. Nahodha na kocha husikilizwa lakini hawana kura pale. Kinyume chake, wale 11 wa siku ya mechi huamuliwa na nahodha na kocha. Aliyemtoa Rayudu Mohali si Prasad, ni benchi la timu. Kamati ya Prasad ilidhihakiwa sana kwa sababu wanachama wake wote watano kwa pamoja walikuwa wamecheza mechi 13 tu za Test (zile za siku tano), na wengi walihisi haina uzito wa kumkatalia Kohli jambo. Mimi siamini kwamba mteuzi lazima awe alikuwa nyota. Ila naamini kamati yenye sauti ingewauliza Kohli na kocha Ravi Shastri swali moja tu: yule mliyetuambia Oktoba ndiye jawabu, amebadilika nini hadi Machi?

Kombe la Dunia lenyewe kule Uingereza unalikumbuka. Rahul alianza namba nne, kisha akapanda kufungua Dhawan alipovunjika kidole gumba. Pandya akapiga hapo dhidi ya Australia na Pakistan. Shankar akapiga hapo dhidi ya Afghanistan na West Indies, 29 na 14. Kisha Pant. Watu wanne, mashindano mamoja. Shankar hakuwa aibu, tuseme haki: dhidi ya Pakistan pale Old Trafford aliingizwa kumalizia ova ya Bhuvneshwar Kumar aliyeumia, na mpira wake wa kwanza kabisa katika Kombe la Dunia ukamtoa Imam-ul-Haq. Baadaye akaumia kidole cha mguu, akarudi nyumbani.

Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo mimi siwezi kulisamehe. Rayudu alikuwa kwenye orodha ya akiba. Dhawan alipoumia aliitwa Pant, sawa, naye alikuwa kwenye orodha hiyo. Shankar alipoumia akaitwa Mayank Agarwal, ambaye hakuwa kwenye orodha na hakuwa amecheza hata mechi moja ya siku moja ya kimataifa. Maelezo ni kwamba timu iliomba mpigaji wa kufungua. Inawezekana. Lakini kama akiba haiitwi, kwa nini uliiandika? Siku mbili hivi baadaye, 3 Julai, Rayudu akatangaza kustaafu.

Na tarehe 10 Julai, Old Trafford, nusu fainali dhidi ya New Zealand, ikaja ile kazi ya pili. India inafukuza 240. Rohit, aliyekuwa na mikimbio 647 na aliyefikisha mia mara tano katika mashindano hayo, akatoka na 1. Kohli 1. Rahul 1. Tano kwa wiketi tatu. Namba nne alikuwa Pant, namba tano Dinesh Karthik aliyetoka na 6, na 24 kwa nne ikasomeka ubaoni. Pant alipigana hadi 32, kisha akaupiga mpira wa Mitchell Santner juu kuelekea kwa mdakaji. Dhoni alisubiri hadi namba saba. Yeye na Ravindra Jadeja, aliyepiga 77 za ajabu, nusura waokoe. Martin Guptill akarusha mpira kutoka mbali na kuangusha wiketi kabla Dhoni hajafika mstarini, na India ikakosa kwa 18.

Siwezi kukuambia Rayudu angeshinda mechi ile. Trent Boult na Matt Henry walikuwa wakirusha vizuri mno asubuhi ile. Ninachokuambia ni kwamba 5 kwa tatu mbele ya New Zealand, mpira ukipinda, ni jambo ambalo India ilikuwa imelipitia miezi mitano tu kabla, dhidi ya warushaji walewale wawili, na mtu aliyelishughulikia alikuwa nyumbani.

Hivyo waambie wenzako: mechi tatu alipewa, kweli, lakini baada ya kuahidiwa muda hadi Kombe la Dunia. Na wewe punguza kumchukia Shankar, hakuiba kitu. Mfululizo unaoendelea sasa, mtu akianza kudai fulani atolewe, mwombeni ataje mambo mawili: fulani anatolewa kwa mpira wa aina gani, na anayemwingiza amewahi kuipiga namba hiyo wapi. Mkifanya hivyo mtabishana kwa muda mfupi zaidi, na kwa faida.

Kama unataka kujua iwapo India walijifunza, jibu langu ni nusunusu. Agosti 2023 Rohit, wakati huo nahodha, alikiri hadharani kwamba tangu Yuvraj hakuna aliyetulia namba nne. Shreyas Iyer alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo, ukamsumbua tena kwenye Kombe la Asia, na wengi walitaka aachwe. Safari hii hawakumwacha. Akafunga 530 kwenye Kombe la Dunia, ikiwemo 105 katika nusu fainali dhidi ya New Zealand hao hao. Ungedhani baada ya hapo kiti ni chake. Februari 2025, mechi ya kwanza ya mfululizo dhidi ya Uingereza pale Nagpur, Iyer hakuwa kwenye kikosi cha kwanza. Goti la Kohli likavimba usiku wa kuamkia mechi, nahodha akampigia simu, akaingia na kupiga 59 kwa mipira 36. Mwezi uliofuata, Dubai, India ikatwaa Champions Trophy, na aliyefungia India mikimbio mingi kuliko wote, 243, ni huyo huyo Iyer, namba nne.